Mshono wa Chini

"Unasikia?"

Esnart alikuwa ameipa mashua mgongo, mikono ameifunga kifuani, macho kwenye Ziwa Mweru. Nyuma yake fundi Nkulu alipiga tena: nyundo ya mti juu ya patasi butu, patasi juu ya pamba, pamba ndani ya ufa kati ya mbao mbili. Ko. Ko. Ko.

"Unasikia?"

"Ninasikia, Papa."

"Unasikia nini?"

"Nyundo."

"Nyundo ata mbuzi anasikia." Nkulu alisema hivyo bila ukali, kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Mi nakuuliza pamba. Iko na njaa ao inashiba?"

Esnart alifikiri. Simu ilitetemeka ndani ya chitenge alichojifunga kiunoni. Akaikandamiza kwa kiganja.

"Inashiba," akabahatisha.

"Iko na njaa. Sikia tena."

Ilikuwa wiki ya tatu ya Desemba, na ziwa lilikuwa limefungwa. Kila mwaka, tangu Desemba inapoanza hadi Februari inapokwisha, nyavu haziruhusiwi kugusa maji, ili samaki wazae kwa amani. Ufuko wa Nchelenge, ambao miezi mingine huwezi kuweka mguu bila kukanyaga beseni la mtu, ulibaki na mbwa, mashua zilizopinduliwa, na mafundi. Huo ndio msimu wa kuziba. Jua hukausha mbao, mbao husinyaa, nyufa hufunguka, na kila mashua ni lazima ijazwe pamba upya kabla ya kurudi majini.

Nkulu alikuwa mtu wa Pweto, upande wa Kongo. Alivuka miaka mingi iliyopita, akasimamisha mabati manne juu ya nguzo karibu na maji, na tangu hapo alikuwa akiziba mashua za pande zote mbili. Alikuwa mfupi, mpole, na vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa lami ambayo sabuni ilishaikatia tamaa.

Esnart alikuwa na miaka arobaini na moja, na kumi na minane kati ya hiyo aliitumia kuuza chisense, vile vidagaa vidogo kama sindano ambavyo wakivianika mchangani ufuko wote hung'aa kama bati jipya. Katika kazi hiyo alikuwa na kipaji ambacho watu walikisimulia. Aliweza kubishana bei na Mkongo kwa Kiswahili, kumjibu mnunuzi wa Mansa kwa Kibemba, kusoma mizani, na kwa pembe ya jicho kuona kuku aliyepanda juu ya samaki wake, yote kwa pumzi moja. Hakuwahi kudhani kwamba kipaji hicho kingeweza siku moja kumkwamisha.

Mashua aliyotaka kuiziba iliitwa Mukamona, yaani "mtaona". Jina hilo aliliandika mumewe, Ackson, kwa rangi ya bluu, siku watu walipocheka kwamba hataimaliza kuijenga. Aliimaliza. Akavua nayo miaka tisa. Kisha akafa kwa homa, na mashua ikalala kifudifudi nyuma ya nyumba, chini ya paa la nyasi, miaka miwili. Ilikauka mpaka ukiinama ndani yake mchana unaona mistari ya mwanga kati ya mbao, kutoka upande hadi upande, kama mtu aliyechora ndani ya giza kwa chaki.

Mwanzoni mwa Desemba alikuja Bwembya, kaka wa marehemu. Nusu ya mbao za mashua ile alizipasua yeye kwa mkono wake, kwa hiyo alikuwa na haki ya kusema.

"Mulamu," alisema kwa Kibemba, akimwita kwa jina la shemeji, "mashua isiyokanyaga maji ni mbao tu. Kanisa linataka madawati. Nimeshazungumza na seremala."

"Nipe mpaka ziwa lifunguliwe."

"Nani ataipanda? Safari ya mwisho walikwenda kisiwa cha Chisenga wakitoa maji kwa kopo, wakarudi wakitoa maji kwa kopo. Vijana waliapa hawataipanda tena. Unataka nimzike mtu mwingine?"

"Siku ya kwanza ya Machi," Esnart alisema. "Isipokuwa majini siku hiyo, leta msumeno. Sitalia."

Bwembya hakuwa mtu mbaya. "Siku ya kwanza ya Machi," akakubali.

Siku hiyohiyo Esnart alikwenda kwa Nkulu. Chini ya mabati na nje yake zilikuwa zimepangwa mashua saba.

"Yako ni ya munane," Nkulu alisema. "Labda mwezi wa ine. Labda wa tano."

"Na kama naziba mimi mwenyewe?"

Nkulu aliitazama mikono ya Esnart, mipana, yenye makovu ya chumvi na miba ya samaki. Kisha akaitazama simu iliyokuwa ikiwaka katika mmoja wa mikono hiyo.

"Mikono iko," alisema. "Ile ingine, mi sijue."

*

Wiki mbili za kwanza hakugusa nyundo. Alisokota pamba. Unachukua pamba mbichi, unaipaka mafuta ya mawese, unaisokota juu ya paja mpaka iwe kamba nene kama kidole kidogo, urefu wa mashua nzima na mkono mmoja zaidi. Ilionekana kazi ya mtoto. Lakini kila kamba ya Esnart ilikuwa na vifundo na mahali pembamba, na Nkulu aliweza kuzisoma kama barua.

"Hapa telefone ililia," alisema, akipitisha kamba kati ya vidole. "Hapa ulisalimia mutu. Hapa..." akasimama, akarudi nyuma kidogo, "hapa ulikuwa na mawazo ya mbali. Sitaki kujua ya nani."

Ilikuwa mahali alipomkumbuka Ackson. Esnart akaanza kamba nyingine.

Germaine alikuja kila siku kumcheka. Huyo alikuwa mfanyabiashara kutoka ng'ambo, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuvuka mto, aliyekwama Nchelenge msimu mzima akisubiri ziwa lifunguliwe.

"Mama Mwiche! Kumbe unageuka fundi? Kesho tutakuona na ndevu."

"Zikiota nitakuuzia."

"Utaniuzia kwa bei gani? Weye unaniibia kila mwaka kwa mizani, sasa unataka kuniibia kwa ndevu!" Kisha akamgeukia Nkulu. "Papa, huyu hawezi kunyamaza ata kanisani. Mi nilikaa nyuma yake Krismasi ya mwaka jana. Padri anasema, yeye anasema."

"Nitamufundisha," Nkulu alisema.

"Kunyamaza?"

"Hapana. Kusikia."

Na ndipo lilipoanza lile zoezi la kusimama akiipa mashua mgongo. Pamba inapoingia katika ufa, alieleza Nkulu, kwanza nyundo inalia kavu na tupu, kwa sababu chini ya pamba kuna nafasi. Hiyo ni njaa. Unaendelea kupiga taratibu mpaka sauti inashuka, inakuwa nzito. Hiyo ni shibe. Ukiacha kabla, maji yatapita. Ukiendelea baada ya hapo, pamba itakuwa ngumu kama jiwe, na mbao zikishalowa na kuvimba hazitapata pa kwenda; zitasukumana mpaka misumari ing'oke.

"Kati ya njaa na shibe kuna pigo moja," alisema. "Moja tu. Unapaswa kuwa pale wakati linapita."

Esnart alisikiliza siku nne na hakusikia tofauti yoyote. Ko ilikuwa ko. Alianza kushuku kwamba mzee anamdanganya ili amchoshe. Siku ya tano mvua ilinyesha asubuhi nzima, kelele ya mabati ikameza kila kitu, na ilipokatika ghafla kukawa na kimya kipana mpaka ng'ambo ya ziwa. Katika kimya hicho Nkulu akapiga. Ko, ko, ko, na kisha, kana kwamba mlango umefungwa taratibu ndani ya nyumba ya mbali: kum.

Esnart aligeuka.

"Pale," alisema.

Nkulu hakumsifu. Alitoa patasi mfukoni, akaifuta kwa shati, akampa.

*

Januari yote aliziba. Fundi alikuwa na sheria moja, na aliirudia mpaka Germaine akaigeuza wimbo: mshono moja, pamba moja, siku moja. Mshono wa mashua hauachwi katikati. Kamba haikatwi wala haiungwi. Ukianza mbele, unamaliza nyuma, kwa sababu mahali ulipounganisha ndipo maji yatakapotafuta njia. Mishono ya juu ilikuwa mifupi kidogo, na makosa yake Nkulu aliyasamehe. Esnart aliikamilisha mmoja baada ya mwingine, na mashua ikazidi kuwa na giza ndani. Kila jioni kabla ya kwenda nyumbani aliinama, akaingia chini yake, akahesabu mistari ya mwanga iliyobaki. Kumi. Saba. Minne. Mmoja.

Uliobaki ulikuwa mshono wa chini, ule unaofuata uti wa mashua, mrefu kuliko yote, ambao siku zote uko ndani ya maji.

Aliuanza Jumatatu. Saa nne simu ililia, akapokea, akaibana kati ya sikio na bega. Mnunuzi wa Mansa aliuliza kama kuna chisense kavu iliyobaki. Akajibu. Saa tano akapiga kelele kumfukuza mbuzi wa jirani. Saa saba, akiwa amefika zaidi ya nusu, aliona kitu kilichomkausha mate. Kamba haitafika. Alikuwa ameilaza kwa mikunjo mizito sana wakati akiongea, na huko nyuma ingebaki nafasi ya mkono mmoja na nusu bila pamba.

Nkulu alikuwa amekwenda sokoni. Esnart alitazama huku na huku. Kwenye nguzo palining'inia kipande cha wavu wa zamani wa nailoni.

Mtu yeyote wa ziwa lile angefanya vilevile. Maisha yake yote nailoni ilikuwa kitu kimoja duniani ambacho hakimwangushi mtu. Pamba huoza, kamba ya katani huoza, hata waya hushika kutu. Nailoni inakaa majini miaka na bado inakata kidole. Alifungua nyuzi, akazisokota pamoja, akazipaka mawese zifanane na pamba, akazipigilia ndani. Zilikaa vizuri. Zilikaa kwa nguvu kuliko pamba. Juu yake akapaka lami, na Nkulu aliporudi alikuta mshono mweusi, ulionyooka, unaong'aa.

Aliutazama muda mrefu. "Ulisikia mpaka mwisho?"

"Ndiyo, Papa."

"Bon, vizuri," alisema.

Baada ya siku tatu, lami ilipokauka, waliigeuza mashua, wakaisukuma mpaka maji yakaigusa tumbo, na Nkulu akaleta ndoo ya majivu. Alinyunyiza ndani, sakafu nzima, safu nyembamba ya kijivu kama unga kwenye ubao wa mwokaji.

"Majivu haijue uongo," alisema. "Ngojea."

Walingoja. Mbele palikuwa pakavu. Katikati palikuwa pakavu. Moyo wa Esnart ulianza kufunguka. Kisha karibu na nyuma, doa jeusi dogo kama dengu likatokea juu ya majivu. Likawa mawili. Yakaungana, yakawa mstari, urefu wa mkono mmoja na nusu, mnyoofu kama rula.

Nkulu alichutama, akachokoa kwa ncha ya kisu, akavuta uzi wa kijani.

"Nailoni," Esnart alisema kabla hajaulizwa. "Pamba iliisha. Nailoni haiozi, Papa."

"Haiozi. Kweli." Aliuviringisha uzi kwenye kidole chake. "Lakini nailoni haikunywake maji. Pamba inakunywa, inavimba, inafunga mulango. Nailoni inakaa tu. Iko na nguvu, ila haifanye kazi." Akasimama, magoti yakalia. "Haiko kosa ya nailoni. Mi nataka kujua wapi pamba ilienda."

Esnart aliitoa simu kiunoni, akaishika mbele yake kama mtu anayeonyesha kitu alichokiiba.

"Njo pale ilienda," Nkulu alisema kwa upole. "Toa yote. Mshono muzima."

Kutoa kulimchukua siku sita. Kisha mvua zikaja mfululizo, mbao zikalowa, na haikuwezekana kuziba mpaka zikauke. Februari ikapita nusu. Bwembya alipita mara moja, akaona ufa ulio wazi toka mbele hadi nyuma, akaondoka. Siku iliyofuata watu walimwambia Esnart kwamba seremala ananoa msumeno.

*

Zilikuwa zimebaki siku tano. Alfajiri hiyo hewa ilikuwa kavu, na ziwa lilikuwa limetulia hata mtu asingejua linaishia wapi na anga inaanzia wapi. Esnart alikuta Germaine ameketi kwenye gunia lake akinywa chai. Akampa simu.

"Jibu wewe. Kila mutu."

"Mimi? Na kama ni mutoto wako Mwiche anapiga kutoka Mansa?"

"Mwambie mama yake yuko ndani ya mshono."

Germaine alifungua kinywa kutania. Kisha akautazama uso wa mwenzake, akakifunga, akaiweka simu ndani ya mkoba wake, na kwa mara ya kwanza msimu ule akaondoka bila kicheko.

Mashua ilikuwa imepinduliwa tena chini ya mabati. Esnart alilaza kamba yote juu ya mshono kwanza, bila kupiga, akaipima kwa viganja. Aliisokota upya usiku wa jana na juzi. Haikuwa na kifundo hata kimoja. Akapiga magoti mbele. Akaweka patasi.

Ko.

Mwanzoni mawazo yalikuja kama kawaida yao, kama wachuuzi wanaoona mtu amewasili na beseni. Bwembya. Madawati. Bei ya unga. Je, amezima moto nyumbani? Kila moja lilimvuta upindo. Hakuyafukuza, Nkulu alikuwa amemwambia kwamba kufukuza nako ni kazi nyingine. Alirudi tu kwenye sauti. Ko, ko, ko, kum. Patasi ikasogea upana wa kidole. Ko, ko, kum. Ikasogea.

Baada ya muda asioujua, wachuuzi wale walichoka, wakaondoka mmoja mmoja.

Ndipo alipoanza kusikia vitu ambavyo havikuwapo jana. Aligundua kwamba mbao hazilii sawasawa. Palipokuwa na fundo la mti sauti ilikuwa fupi. Mahali ubao ulipokuwa mwembamba ililia juu, karibu kama kengele. Ubao wa kushoto ulikuwa wa mninga, wa kulia ulikuwa wa mti mwingine, mwepesi zaidi, na kila mmoja ulijibu kwa sauti yake, na pamba katikati yao ilikuwa kama mtu anayepatanisha ndugu wawili. Akasikia mahali Ackson alipopigilia msumari upande kidogo na kuung'oa na kuupigilia tena. Tundu lile la kwanza lilikuwa dogo kuliko punje ya mtama, alilijaza kwa nta, na bado lilikuwa na sauti yake. Miaka tisa alikula kutokana na mashua hii. Miaka tisa aliigusa kila siku, akakalia ukingo wake, akaisugua magamba. Hakuwa ameijua kabisa.

Mkono ukaenda. Kamba ikapungua mbele yake na kuzama nyuma yake. Mahali pengine pamba iliomba mapigo manne, mahali pengine tisa, na hakuhesabu. Alikuwa pale tu kila mara pigo lile moja lilipopita. Ikamjia kwamba huenda vitu vyote viko hivi. Huenda kila kitu ambacho alipita mbele yake akikitazama kwa pembe ya jicho kilikuwa na chumba kama hiki ndani yake, kipana, chenye mwanga, kikingoja mtu akae. Wazo hilo lilikuwa kubwa mno. Akaliacha lipite nalo, akarudi kwenye pamba.

Ko, ko, ko. Kum.

Patasi ikagusa mti wa nyuma. Esnart aliisogeza, ikagonga tena mti. Hapakuwa na ufa mwingine. Mkononi mwake ilibaki kamba ya urefu wa kiganja.

Aliinua kichwa. Jua, ambalo alidhani liko nyuma yake, lilikuwa mbele, chini, juu ya Kongo. Magoti hayakukubali kunyooka. Nkulu alikuwa amesimama na kikombe cha maji, na kando yake, juu ya ndoo iliyopinduliwa, alikuwa ameketi Bwembya, kofia mapajani.

"Mulamu," Esnart alisema, sauti ikakwaruza. "Umefika sasa hivi?"

"Nilifika asubuhi," Bwembya alisema polepole. "Na seremala. Alikuja kupima mbao. Nilikuita mara tatu. Nikasimama hapo, mbele yako, kivuli changu kikawa juu ya mikono yako." Akageuza kofia mikononi. "Nilikasirika. Kisha nikaketi nikuone utachoka saa ngapi."

"Na seremala?"

"Alikuwa na kazi nyingine. Amekwenda."

Nkulu aliinama, akaingia chini ya mashua, na wote wawili walisikia pumzi yake mle ndani. Kisha mkono wake mweusi ukatokea, ukamwashiria Esnart. Akaingia kwa kutambaa. Bwembya naye, mtu mzima, mzee wa kanisa, akavua kofia kabisa na kutambaa nyuma yao.

Ndani palikuwa na giza. Lilikuwa giza zima, lisilo na mstari hata mmoja. Walikaa humo watatu, bega kwa bega, kama watu walioingia mahali ambapo mtu huvua viatu.

*

Siku ya kwanza ya Machi ufuko ulijaa tangu mapambazuko. Injini zilinguruma, wanawake waliitana kwa lugha tatu, na Germaine alikuwa ameshamwita mtu mwizi kabla chai haijapoa. Mukamona ilikuwa majini, mita chache kutoka mchangani, imefungwa kwa kamba.

Desturi ya mafundi wa ufuko ule ni kwamba aliyeziba ndiye anayepanda kwanza. Anapanda miguu mitupu, bila kopo la kutolea maji, na sakafu ikiwa imenyunyizwa majivu. Anapiga kasia mpaka paa la kanisa lionekane dogo kama ukucha, anakaa kimya kwa muda wa kula sahani moja ya ubwali, ugali wa huko, kisha anarudi. Watu hutazama miguu yake anaposhuka.

Nkulu alinyunyiza majivu mwenyewe, kwa makini, mpaka kwenye kona. Kisha akarudi nyuma.

"Papa, huji?" Esnart aliuliza.

"Mi niliziba?" Nkulu aliuliza.

Mashua ilihitaji makasia mawili. Vijana walitazama pembeni, waliikumbuka ilivyovuja. Ndipo Bwembya akapita kati yao, suruali ameikunja, koti lake zito la Jumapili amelivaa ingawa joto lilikuwa limeanza.

"Koti la nini?" Germaine alimpigia kelele. "Unaenda kuoa?"

Bwembya akapanda mbele, akashika kasia.

Walipiga kasia kuelekea ndani ya ziwa. Nyumba zikasogea pamoja, kelele ikawa mvumo, mvumo ukawa kimya. Maji yalikuwa ya kijani, kisha ya kijivu, kisha yakakosa rangi. Esnart alihisi mbao chini ya nyayo zake zikianza kunywa, zikivimba, zikisogeleana taratibu kama watu wanaopeana nafasi kwenye benchi. Paa la kanisa likawa kiganja, likawa kidole, likawa ukucha.

Waliweka makasia magotini.

Mashua ilipanda na kushuka juu ya pumzi ya ziwa. Esnart alitazama sakafu. Alianza mbele, kwenye miguu ya shemeji yake, akaenda upana wa kidole kwa upana wa kidole, bila kuruka, kama alivyozoea sasa, mpaka nyuma alipoketi yeye. Majivu yalikuwa ya kijivu. Mahali pamoja upepo uliyainua kidogo, yakazunguka, yakalala tena. Makavu.

Alirudia toka mwanzo.

Alipoinua macho, Bwembya alikuwa amegeuka, naye akitazama sakafu. Kisha, kwa aibu ya mtu aliyeshikwa, alifungua vifungo vya koti na kutoa kopo: kopo la zamani la mafuta ya kupikia, lililokatwa mdomo, lile alilotumia Ackson kutolea maji. Alikuwa amelificha chini ya kwapa njia nzima.

Bwembya aliligeuza kopo huku na huku, kana kwamba hajui tena ni la nini. Hatimaye akainama nje ya ukingo, akalisuuza, akachota maji ya ziwa. Akanywa. Akachota tena, akageuka kwa uangalifu mkubwa, na kumnyooshea mkono juu ya majivu.

Esnart alilipokea kwa mikono miwili. Lilikuwa limejaa hadi mdomoni, na mashua ilikuwa ikipanda na kushuka. Akalishika hapo kwanza, akilitazama, mpaka maji yalipotulia ndani yake, asije akamwaga hata tone.